Kura ya Orville Knutsen

"Gavana kashambuliwa barabara ya mashariki. Vikosi vyote, elekeeni huko," redio ya polisi ikatangaza.

Ving'ora vikalia mji mzima wa Pierre, makao makuu ya jimbo la Dakota Kusini. Magari ya polisi yakakimbilia mashariki.

Greta Sundvold, mpelelezi wa serikali kuu, akakata kona kwenda magharibi.

"Sundvold, umepotea?" Redioni alikuwa Brannick, bosi wake aliyeko Washington.

"Gavana mzima?"

"Mzima. Matairi tu yametobolewa."

"Basi wanatuzuga. Leo Seneti ya Dakota Kusini inapigia kura marekebisho ya katiba. Hayo hayahitaji saini ya gavana. Hata ya rais hayaitaki. Yanataka idhini ya mabunge ya majimbo, na hili ndilo jimbo la mwisho linalohitajika. Sasa gavana wa nini?"

"Knutsen," Brannick akasema.

"Huyohuyo."

Marekebisho yale yangepiga marufuku fedha za kigeni kwenye uchaguzi, na ng'ambo ya bahari kulikuwa na wakubwa waliokosa usingizi kwa sababu hiyo. Seneti ilikuwa imegawanyika katikati. Kura ya kuvunja sare alikuwa nayo Seneta Orville Knutsen, mfugaji mkaidi kuliko ng'ombe wake. Asipofika, hoja imekufa. Pruitt, mwenzake Greta, aliuawa akiwachunguza watu haohao.

Na mzee mwenyewe, jamani, mchana huu alikuwa wapi? Ng'ambo ya Mto Missouri, kwenye baa yake ya kila siku, anakula vipande vya nyama ya kondoo ya kukaanga. Pikapu kaiacha nje inanguruma, milango haijafungwa. Baridi ikikaza, watu wa Dakota ndivyo walivyo: wanaogopa injini kuganda, mwizi hawamwogopi. Adui anaingia tu, anakaa kwenye joto, anakusubiri.

Greta alivuka daraja kwa kasi. Pikapu ndiyo kwanza ilikuwa inatoka. Knutsen yuko kwenye usukani, na kutoka kiti cha nyuma bastola imemgusa shingo.

Hakupiga honi.

Akakanyaga mafuta, akaigonga pikapu kwa nyuma, ubavuni. Ikateleza kwenye barafu, ikazunguka, ikajikita kwenye theluji. Jitu la koti jeusi likaporomoka nje, bastola mkononi.

Bastola ya Greta, Glock, ikawahi.

Risasi ya bega.

"Mwenzangu alikuwa anaitwa Pruitt," Greta akamwambia akimfunga pingu kwenye bampa. Akamwita polisi wa pale aje kumchukua.

"Nani kakuita wewe?" Knutsen alifoka. "Umeniharibia pikapu."

"Ingia kwenye gari langu, Seneta."

Akaingia, lakini mdomo haukufungwa. "Nyie Washington mnaingilia ardhi yetu, maji yetu, sasa mpaka chakula changu. Mwambie bosi wako napiga Hapana."

Greta akaendelea kuendesha.

Brannick alikuwa amesikia yote redioni. "Mtishe, Sundvold. Kodi yake, malisho yake, chochote kile."

"Sitaki."

"Hiyo ni amri."

"Kura ni ya jimbo, bosi. Si yako, si yangu. Nikimtisha, nina tofauti gani na yule niliyemfunga pingu?"

Akazima redio. Knutsen akamtazama kwa jicho la pembeni mpaka bungeni.

Mlangoni mwa ukumbi bawabu akanyoosha mkono. "Wewe mwisho hapo. Hapa si Washington."

Greta akabaki nyuma ya mlango wa kioo. Akatia mikono mifukoni.

"Seneta Knutsen," karani akaita.

Mzee akainuka taratibu, akajinyoosha koti.

"Ndiyo."

Nusu ya ukumbi ikalipuka kwa makofi, nusu nyingine ikazomea. Knutsen hakukaa. Alinyoosha kidole kwenye kioo.

"Na yule mama wa Washington aondoe gari lake. Kaegesha mahali pangu."

Greta akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi, akaenda kuliondoa.