Shangwe za Jukwaa la Mbao

Jioni ile nilikuwa nakwenda kumkatalia mteja.

Ndiyo, kumkatalia. Mkurugenzi wetu angesikia angeniita mwendawazimu, maana kwake yeye mteja hakataliwi hata akitaka kutangaza mawe. Lakini mimi nilikuwa muuza matangazo wa kituo kile cha redio, na nilikuwa na sharti langu: siuzi usikivu ambao sijausikia kwa sikio langu mwenyewe. Ramani ya ofisini ilionyesha tunasikika mpaka ng'ambo ya kilima. Ramani hiyo aliipaka rangi mkurugenzi mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake. Ukweli ni kwamba mnara wetu ni mfupi, kilima ni kirefu, na mawimbi yetu hayajui kupinda kona. Ukishapita machimbo ya kokoto, redio inakoroma, basi.

Sasa mama mmoja mwenye duka la mbegu kule bondeni alikuwa amepiga simu. Anataka kudhamini matangazo ya mpira.

"Mama, sisi hatufiki huko," nilimwambia.

"Nyie? Mnafika mpaka chumbani."

Damu ikanichemka. Nikajua ametumwa na mkurugenzi, ili nisije nikasema tena kwenye kikao kwamba ramani yake ni uongo. Nikatia redio yangu ndogo mfukoni, nikawasha pikipiki. Nilitaka niiweke mezani kwake, imkoromee usoni, tumalizane.

Siku hiyo timu yetu ilikuwa inacheza ugenini. Mtangazaji alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mji mzima unamwita Chiriku, kwa jinsi anavyoongea bila kumeza mate. Nilikuwa namsikia njia nzima, kaning'inia kwa waya kwenye sikio langu la kushoto: "Anakwendaaa... anamlamba chenga mmoja... ooh, beki kalala kama mzigo!"

Uwanjani hakuwepo. Mechi za ugenini Chiriku anazitangazia studio. Kuna mtu amekaa uwanjani na simu, anamnong'oneza: kona, kipa kadaka, faulo. Chiriku anaipika hiyo faulo mpaka inanukia. Na chini ya sauti yake, fundi mitambo anaachia shangwe za watu zilizorekodiwa zamani, ili wewe uliyeko nyumbani udhani tumekwenda.

Nililipinga hilo. Nikaambiwa nishughulike na mauzo.

Nikafika machimbo ya kokoto. Redio ikakohoa, ikakoroma. Sawasawa kabisa. Nikacheka peke yangu, nikateremka bondeni.

Duka lilikuwa limejaa watu nje. Wanawake kwa wanaume, wamekaa kwenye mabenchi na magunia, mmoja na mwanawe mgongoni. Jua lilikuwa limeshazama, taa haijawashwa. Hakuna aliyezungumza.

Redio kubwa ilikuwa juu ya kaunta.

"...mpira unarudi kati, mabibi na mabwana..."

Chiriku. Safi. Kama amekaa ndani ya kile kisanduku.

Nikatoa redio yangu. Masafa ni yale yale. Ikakoroma.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyenifokea kwenye simu?" Alikuwa mtu mzima, mnene, mpole wa sura. "Kaa. Usisimame mbele ya redio."

"Mama, hii haiwezekani. Mmefunga antena gani?"

"Shhh."

Timu yetu ikafunga bao. Chiriku akapasua koo. Mji mzima saa hiyo ulikuwa unaruka. Pale dukani hakuna aliyetikisika. Walikuwa wameinamisha vichwa, kama watu wanaotafuta sindano kwa masikio. Ndipo nikagundua hawamsikilizi Chiriku.

Wanasikiliza zile shangwe.

Mjini zile shangwe ni mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Pale bondeni... zilikuwa zimeachana. Kila sauti peke yake. Niliweza kuwasikia mmoja mmoja. Mwanamume anakohoa. Msichana anacheka, anamwambia mwenzake asogee. Mtu anauza maji.

"Huyo," mama wa duka akaninong'oneza. "Anayekohoa. Huyo ni mume wangu."

Nikamtazama yeye, nikaitazama redio.

"Kifua kilimsumbua tangu ujana wake. Nilimwambia siku ile asiende."

"Siku ipi?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Ya jukwaa la mbao."

Nikaketi kwenye ukingo wa gunia.

Jukwaa la mbao nalijua. Nani asiyelijua mjini kwetu? Lilijengwa haraka haraka kwa ajili ya fainali, na mmoja wa waandaaji alikuwa mkurugenzi wetu. Watu wa bondeni walikuja na malori, wakachelewa, wakakuta uwanja umejaa. Walikuwa wameshaanza kugeuka warudi makwao. Mkurugenzi akampelekea Chiriku kikaratasi, naye Chiriku akasoma kama alivyopewa, na vipaza sauti vya getini vikarusha: jukwaa la mbao bado lina nafasi, karibuni, njooni.

Wakaja. Kipindi cha pili jukwaa likaenda chini na wote waliokuwa juu yake.

Fundi mitambo alikuwa anarekodi. Baadaye akakata ule mwisho, akabakiza shangwe za mwanzo, kwa sababu kituo hakijawahi kupata umati uliojaa namna ile. Niligombana naye. Nikaenda kwa mkurugenzi, nikagonga meza yake. Akasema, "Shangwe ni shangwe. Unataka tuwaimbie watu kwaya?"

Hizo ndizo walizokuwa wanazisikiliza.

"Mnawasikia tangu lini?" nikanong'ona.

"Tangu msimu uanze. Mechi za ugenini tu. Ndiyo maana nataka kuwadhamini, mwanangu. Mtangaze nyingi zaidi."

Hakuwa mshirikina wa kutisha. Hakuwa na hirizi wala chungu. Alikuwa mjane anayetaka kusikia kikohozi. Hilo lilinitisha kuliko kama angekuwa mchawi.

Kisha harufu ikaja. Mbao mbichi. Mbao zilizopasuliwa leo, na vumbi.

Redioni shangwe zikabadilika. Rekodi ilikuwa imefika pale fundi alipokata. Haikukatika.

Kraa...

Benchi zima likajikunja. Mwanamke mwenye mtoto akaziba mdomo.

Kraaa...

Halafu kimya. Chiriku bado anatangaza, peke yake, bila shangwe hata moja nyuma yake. Na ndani ya kile kimya sauti ya mwanamume ikasema taratibu, kama mtu anayezungumza na jirani:

"Chiriku. Huku kuna nafasi."

Nyingine, ya kike:

"Njoo. Bado kuna nafasi."

Nyingine. Nyingine. Mpaka yule anayekohoa.

"Zima!" nikapiga kelele. "Mama, zima hiyo redio!"

"Nikizima, mume wangu atakatika."

"Wanamwita mdogo wangu!"

Alishtuka. Nadhani hakuwa anajua. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaifunika redio, kama mtu anavyomfunika mtoto.

"Alituita yeye kwanza," akasema, bila hasira.

"Alipewa karatasi! Aliyeandika yuko mjini, kashiba, kalala!"

"Sasa wao watamjuaje aliyeandika? Walisikia sauti."

Waliokufa hawamjui mwenye kituo. Wanaijua sauti iliyowaita.

Nikapiga simu studio. Laini inatumika: yule mtu wa uwanjani, ananong'ona zake. Nikapiga kwa fundi mitambo. Haikupokelewa. Na redioni, katikati ya kona, Chiriku akasita. Chiriku, ambaye hajawahi kusita maishani mwake.

"Nani?" akauliza. "Nafasi... wapi?"

Nikaruka juu ya pikipiki.

Kile kilima nilikipanda kama mtu anayefukuzwa, nikitukana. Namtukana mkurugenzi, namtukana fundi, naitukana ile ramani. Nilikuwa najua kitu kimoja tu: nimtoe pale kwenye kiti kabla hajawakubalia. Kwenye machimbo redio yangu ikakamata. Nikaibana sikioni nimsikie.

Ulikuwa muziki. Taarabu, ya kulainisha jioni. Mechi imekwisha.

Nikashusha pumzi. Mjinga mimi, nikashusha pumzi.

Kituoni nilimkuta fundi mitambo mlangoni, simu mkononi, jasho limemlowanisha.

"Kaka, afadhali umekuja. Mechi imeisha kitambo. Hataki kutoka."

"Amesema nini?"

"Hasemi. Hebu nenda kamwone."

Nikasukuma mlango wa studio. Zile kuta za sponji zikameza sauti ya viatu vyangu. Chiriku alikuwa kwenye kiti chake, hedifoni masikioni, macho yamefumbwa. Mikono inatangaza. Kichwa kinafuata mpira, kushoto, kulia. Midomo inakwenda mbio, mishipa ya shingo imemtoka.

Hakuna sauti.

Hata mnong'ono. Nikamsogezea sikio mdomoni. Pumzi niliisikia, ya moto. Maneno hayakuwepo.

"Mdogo wangu." Nikamvua hedifoni. Nikamtikisa. "We! Chiriku! Ni mimi, kaka yako!"

Midomo inakwenda.

Sijui ni nini kilinituma. Nilitoa simu, nikampigia mama wa duka. Alipokea haraka.

"Mama... redio yako iko wazi?"

"Iko wazi."

"Isogeze."

Nikasikia kaunta inakwaruza. Kisha, ndani ya sikio langu, huku namtazama usoni:

"...na watu wamefurika leo mabibi na mabwana, wamefurika! Jukwaa la mbao lote limesimama..."

Neno kwa neno na midomo yake.

Fundi mitambo alikuwa amesogea, amesikia. Akaketi sakafuni. Nikamwambia kwa upole, na mimi si mtu wa upole, afute ile rekodi. Akafuta mbele yangu. Nikachukua na ile mashine yenyewe, nikaibamiza ukutani. Chiriku hakugeuka. Kwenye simu, umati ulishangilia.

Hospitali walimpima koo wakasema koo ni zima. Walimpima kichwa wakasema apumzike. Fundi mitambo alihojiwa kuhusu masafa, akaeleza tena na tena kwamba mawimbi hayavuki kilima kile, akachoka, akaacha kazi. Mtu mwenye maelezo kamili sijampata. Nimeyaeleza kama yalivyotokea, anayetaka kuniita mwongo aje aniite.

Mkurugenzi aliniita baada ya mazishi ya... nilitaka kusema mazishi. Hakuna aliyezikwa. Aliniita ofisini. Nilimkuta anaitazama ramani, kalamu ya rangi mkononi.

"Nimepata simu kutoka bondeni," akasema. "Watu wanataka kudhamini. Wanasema tunasikika hata siku zisizo na mechi. Nilikuambia tunafika. Pole na mgonjwa. Sasa, nenda kauze."

Kilichofuata kiliishia polisi, na meno yake mawili hayakurudi. Sijutii. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ile ramani ilikuwa sahihi.

Chiriku yuko kwa mama yetu. Anakula akilishwa. Asubuhi ametulia kama kila mtu. Jua likianza kuelekea kuzama midomo inaanza, na mama hukaa kando ya kitanda akimfuta jasho, anajaribu kusoma anachosema. Macho yake hayaoni vizuri. Alihangaika hivyo muda mrefu, kisha akaniambia:

"Nipeleke huko anakosikika."

"Mama, huko si pa kwenda."

"Wewe utanikataza kumsikia mwanangu?"

Shangazi akabaki na mgonjwa. Nikampakia mama kwenye gari la kukodi, tukapita machimbo, tukateremka. Mama wa duka alimwona tu akajua. Hakuuliza. Alimsogezea gunia bora, karibu kabisa na redio, na wale wengine wakabanana ili apate nafasi.

"...shambulizi upande wa kulia, umati umesimama, hapana hata pa kuweka mguu..."

Mama alisikiliza bila kulia. Sauti ilikuwa yake hasa, ila imeanza kupasuka, kama ya mtu aliyetangaza bila kupumzika tangu siku ile. Mama akainama mpaka paji la uso likagusa redio.

"Kunywa maji, baba," akamwambia. "Koo litakauka."

Redioni Chiriku akanyamaza.

Umati wote ukanyamaza naye. Tukasikia maji yanamiminwa. Tukasikia mtu anameza... mafunda makubwa, ya mwenye kiu ya siku nyingi. Tukasikia bilauri inawekwa juu ya mbao.

Halafu mpira ukaendelea.