Pete Kumi na Moja za Nusrat

Pete kumi na moja za fedha zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja imekatwa kwa msumeno. Hakuna iliyoibwa. Inspekta Esnath alizoea kesi za mipaka ya mashamba na ng'ombe, lakini chuki aliijua akiiona. Aliyekata hakuwa na haraka hata kidogo.

"Jana mchana nilikwenda Mbeya kukata tiketi," alisema Nusrat, sonara mwenye karakana hiyo ya Makandana. Macho yalikuwa yamemvimba. "Maonyesho ya Dar ni Jumamosi, afande. Pete kumi, kazi ya mwaka mzima."

"Naona kumi na moja."

"Hiyo pana ni ya mtu."

"Unamshuku nani?"

"Muddy. Nilivunja uchumba mwezi uliopita, na ufunguo bado anao."

"Mwingine mwenye ufunguo?"

"Mama Winfrida tu. Ndiye aliyenifundisha kazi."

Kufuli lilikuwa zima. Alama za vidole zisingesaidia, maana wote watatu walikuwa wameshika kila kitu humo. Inspekta akapiga magoti, akapapasa sakafu chini ya meza. Hakuokota hata chembe ya fedha.

"Umefagia?"

"Sijagusa kitu."

"Ukikata pete, unga wake unakwenda wapi?"

"Tunaukinga kwa karatasi, tunaurudisha kwenye kopo, tunauyeyusha tena. Hautupwi." Nusrat akageuka kuitazama rafu. Alikuwa ameelewa, na hakutaka kuelewa.

Kopo lilikuwa rafuni, limefunikwa vizuri. Muddy ni fundi simu wa Msasani ya huku huku, si sonara. Angeuacha unga ule sakafuni akaenda zake.

Mama Winfrida aliwapokea nyumbani kwake Lufingo kwa chai na ndizi za kuchoma. Inspekta hakugusa kitu.

"Jana mchana ulikuwa wapi, mama?"

"Hapa hapa, mwanangu."

"Aliyekata pete za Nusrat alikinga unga, akaurudisha koponi. Mhalifu gani ana adabu hiyo?"

Mama Winfrida aliitazama mikono yake.

"Mkono umezoea," alisema. "Miaka thelathini. Sikujua hata kama nimekinga."

"Kwa nini ulizikata?"

"Wivu. Niuite nini tena? Kushika tupa nimemfundisha mimi. Siku hizi wateja wananipita mlangoni wakimuulizia yeye. Barua ya Dar ikaja na jina lake peke yake. Nikasema, basi na asiende."

Nusrat, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea.

"Afande, naomba ile pana."

Inspekta alisita, kisha akaitoa kwenye mfuko wa vielelezo. Nusrat akashika kidole cha mwalimu wake, kile chenye fundo tangu kilipopondwa na nyundo. Pete ikapita juu ya fundo, ikakaa mahali pake.

"Nilikupima kwa uzi siku ile ninakufunga bandeji," alisema. "Jana nilikata tiketi mbili. Nilitaka usimame na mimi pale, uwe umeivaa."

Inspekta alitoa pingu, akangoja kwanza Mama Winfrida arudishe kielelezo.

Mama akajaribu kuivua pete. Kingo za mkato zilikuwa zimebana ngozi, na kila alipovuta zilizidi kumkata. Nusrat alimtazama tu, hakumsaidia.