Nilimwita Shabiki Mtu Aliyenifundisha Kuvunja Ukuta wa Mikuki

Nina miaka thelathini na moja. Ni fundi seremala, ninaishi mtaa wa Musinzira hapa Gitega, Burundi, nyumbani kwa baba yangu mdogo. Sina mke. Ningekuwa naye sasa, lakini hayo mtayasikia. Jambo hili nimekaa nalo kifuani zaidi ya mwaka, na kila nikijaribu kulisahau linanirudia... Nimeona bora niliseme mwenyewe.

Jina langu Rajabu, mzaliwa wa Muyinga mjini. Katika karakana ya baba mdogo nilifanya kazi na kijana mmoja wa Gasorwe, hukohuko Muyinga, anayeitwa Deo. Deo alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, akarudi na wazazi wake akiwa tayari ameota ndevu. Tulilala chumba kimoja miaka miwili. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo, lakini Ramadhani alikuwa akiningoja nifuturu ndipo naye ale. Niseme nini zaidi? Alikuwa ndugu.

Kila Jumamosi alasiri tulikwenda kwenye nyumba moja ya kompyuta karibu na soko, kucheza mchezo wa vita vya kale. Unapewa jeshi na uwanja, unapanga watu wako. Tatizo lilikuwa moja tu: kila mtu alichagua jeshi la mikuki mirefu. Askari wanasimama bega kwa bega, safu nyuma ya safu, mikuki yao mirefu kama miti ya kuezekea imeelekezwa mbele. Ukiwaendea usoni umekwisha. Mara ngapi niliwapeleka wapanda farasi wangu pale? Wote walichomwa, nami nikarudi nyumbani nimenuna.

Deo ndiye aliyeona njia. Aliniambia, "Sisi kwetu tukilima kilimani, watu kumi mstari mmoja, hatujawahi kufika juu mstari ukiwa umenyooka. Hawa nao watapinda."

Akanionyesha. Usiwashambulie. Waweke watu wako wa miguu mbele yao, kisha rudi nyuma polepole, uwavute wapande mlima wenye vichaka na mawe. Wakipanda, safu inaachana. Ngao wamezishika mkono wa kushoto, basi watupa mikuki mifupi uwapitishe kulia kwao. Farasi wako wafukuze kwanza farasi wao, halafu wageuke, waingie kwa nyuma. Mikuki mirefu haigeuki upesi.

Siku ile ya kwanza ukuta ulipovunjika, nilimkumbatia.

Kisha baba yake akafariki. Deo akarudi Gasorwe kumsaidia mama yake mashambani. Kule hakuwa na kompyuta, lakini kichwa chake hakikuacha. Alipanga punje za mahindi na maharage juu ya mkeka, akazisogeza, akafikiri. Halafu alipanda hadi mahali penye mtandao, akanitumia ujumbe wa sauti: "Rajabu, jaribu hivi, uniambie." Nilijaribu, nikamwambia. Karibu kila mara alikuwa sahihi.

Nikaanza kurekodi video, nikieleza mbinu zile kwa Kiswahili. Katika video ya kwanza nilisema, "Nimegundua." Neno moja tu... Nilitaka kusema "tumegundua". Ulimi ukateleza, nami sikuurekebisha. Watu wakasifu. Video ya pili nikasema tena, safari hii ulimi haukuteleza.

Deo hakuziona. Mtandao wa kwao haukuweza kufungua video. Aliniuliza, "Umewaambia kwamba ni sisi wawili?" Nikamjibu ndiyo. Hapo ndipo mlango ulipofungwa nyuma yangu. Kila sifa iliyokuja ilikuwa komeo jingine.

Basi kituo kimoja cha kompyuta hapa Gitega kikawa kinatafuta mwalimu wa mchezo ule. Mkurugenzi alikuwa ameziona video zangu. Akaniita, akasema nitacheza mbele ya watu na mchezaji hodari kutoka Muyinga, fundi wa simu, na nikieleza vizuri kazi ni yangu. Nilikuwa nimeshamchumbia Zaituni, binti wa jirani anayeshona nguo. Wazazi wake walipenda kusikia neno mwalimu.

Sikumwambia Deo. Nilijua kazi ya namna hiyo ndiyo aliyoiota tangu tulipolala chumba kimoja. Lakini habari zilifika Muyinga kupitia yule fundi wa simu, na Deo akaja. Mafuta yalikuwa hayapatikani, mabasi machache. Alitembea kipande, akabebwa na baiskeli kipande, akasafiri siku mbili. Nilipoinua macho nikamwona amekaa safu ya nyuma na mfuko wake magotini, ananitabasamia. Nikatazama kando.

Mchezo ulianza. Nilivuta ile mikuki kuelekea mlimani kama kawaida. Lakini mtu wa Muyinga hakunifuata. Alisimamisha watu wake uwanjani, akawageuza wakawa mraba, mikuki pande zote nne. Kulia hapana, nyuma hapana. Mbinu hii Deo hakuwahi kunifundisha. Mkurugenzi akasema, "Bon, mwalimu, tuelezee sasa." Nieleze nini? Nilikuwa na maneno ya mtu mwingine, na yalikuwa yamekwisha.

Nikasikia sauti kutoka nyuma, ya taratibu, kama tuko karakanani.

"Rajabu, waache. Mraba hautembei. Chukua kilima, weka wapiga mishale, ukae. Yeye ndiye atakayelazimika kuja."

Nikafanya hivyo. Mishale ikawamaliza kidogo kidogo, wakalazimika kusogea, mraba ukafumuka, farasi wakaingia. Nikashinda. Watu wakapiga makofi.

Mkurugenzi akaniuliza kwa kipaza sauti, "Huyu aliyesema kule nyuma, we unamujua?"

Ndugu wasomaji, nafasi ile Mungu alinipa mkononi. Ilikuwa inataka neno moja. Nilimwona Zaituni na mama yake safu ya mbele. Nikasema, "Ni shabiki tu, wa huko Muyinga. Anafuata video zangu."

Ukumbi ukacheka kidogo. Deo hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Akachukua mfuko wake, akaomba njia kwa waliokaa kando yake, akatoka.

Kazi niliipata. Mnafikiri niliifurahia? Kila wiki wanafunzi waliuliza mapya. Wakipanga jeshi kwa namna nisiyoijua, nilisema tutaona kesho, kesho nikasema naumwa. Nilimwandikia Deo, hakujibu. Nikipita njiani watu wakiniita mwalimu, nilitamani ardhi inifunike. Kuacha sikuweza, maana ningesema naacha kwa nini? Kuendelea sikuweza...

Ikafika siku Zaituni alichukua simu yangu kutafuta picha. Akafungua ujumbe wa sauti wa Deo. Akafungua wa pili, wa tatu. Nilipoingia nilimkuta amekaa anasikiliza.

"Hii sauti ni ya nani?" aliniuliza.

Nikanyoosha mkono nichukue simu, akaivuta kwake.

"Ni yule uliyemwita shabiki. Kila kitu unachofundisha kiko humu, hata mifano." Aliweka simu mezani polepole. "Umemkana ndugu yako mbele ya watu. Siku yangu ikifika, mi utaniita nani?"

Wiki ileile mjumbe wa kwao alikuja kuvunja uchumba. Sikubishana.

Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikamweleza yote, nikampa jina la Deo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kumwamini mtu niliyemleta mimi, na hawezi kunibakiza. Kwa hiyo hata kutubu kwangu kulimfungia Deo mlango. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Nikasafiri hadi Gasorwe. Mama yake alinipokea kwa upole, akanipa kiti na ugali, akaniita "mwanangu", maana Deo hakumwambia lolote. Kila lilipotamkwa neno lile nilirudisha tonge sahanini.

Deo alirudi kutoka shambani, akaosha jembe, akakaa mbali kidogo nami. Nilimwomba radhi. Akasema:

"Ungeniomba, Rajabu, ningekupa. Mbinu ningekupa, hata ile kazi ningekuachia, wewe ulikuwa unaoa. Ulichukua kitu ambacho tayari kilikuwa chako."

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe. Ila usinitumie tena ujumbe. Nikiisikia sauti yako nakumbuka ule ukumbi."

Alinisindikiza hadi barabarani kama desturi, akanipa mkono, akarudi.

Video zote nimezifuta. Nimerudi kwenye randa na msumeno. Nawasihi ninyi mnaosoma: mkipata sifa kwa akili ya mtu mwingine, mtajeni siku hiyohiyo, wakati bado ni rahisi. Msiseme mtamtaja kesho. Mimi nilikuwa na kesho nyingi, na katika zote nilinyamaza. Leo naweza kulitaja jina lake mbele ya watu wote... lakini mwenyewe hataki tena kulisikia kinywani mwangu.