Farasi Asiyegeuka Kushoto

Kila asubuhi mwanamke mmoja alipakia matofali kwenye gari lake la kuvutwa na farasi. Nyumba iliyokuwa ikijengwa ilikuwa karibu tu, kushoto kwa njia panda. Lakini yeye aligeuka kulia. Akaenda, akageuka kulia tena, kisha kulia tena, ndipo akafika, jasho likimtoka.

Alifanya hivyo kwa sababu farasi wake alikataa katakata kugeuka kushoto. Akivutwa hatamu ya kushoto, alirusha kichwa na kusimama. Watu wakambandika mama huyo jina la Bibi Kulia. Alicheka nao, lakini lilimuuma.

Farasi huyo waliachiwa na marehemu baba yao, yeye na kaka yake mkubwa. Kaka, fundi chuma, ndiye aliyempa farasi jina la Kaidi.

Siku moja kaka alileta lijamu mpya, kile chuma cha mdomoni. Ilikuwa na ncha.

"Hii itamtia adabu," alisema. "Ikishindikana, Jumamosi lori la machinjioni litamchukua. Keshazeeka. Mbavu zote nje!"

Kweli Kaidi alikuwa amekonda. Alitafuna nyasi kidogo, kisha akaziangusha zikiwa madonge yenye mate. Punje za nafaka zilitoka nzima kwenye kinyesi. Bibi Kulia alidhani ni maringo.

Alimfungua mdomo amvishe lijamu. Harufu mbaya ilimpiga usoni. Mate yalikuwa na damu. Akaitupa lijamu chini.

"Kaka, chuma hiki hakiingii kinywani mwake."

"Unanijibu mimi? Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. Basi livunjike, ni langu! Lakini Kaidi hapandi lori kabla hajaonwa na daktari."

Tangu azaliwe hakuwahi kumjibu kaka yake hivyo. Lakini hakurudi nyuma.

Ijumaa alikuja daktari wa mifugo, mama mfupi mwenye ndoo ya tupa ndefu za kusagia. Alimdunga Kaidi dawa ya kumtuliza. Akauzuia mdomo kwa kifaa cha chuma ubaki wazi, akamulika tochi.

"Njooni mwone. Mikono nje, tafadhali."

Kaka aliinama. Magego yalikuwa na kingo kali kama chupa iliyovunjika. Shavu la kushoto, kwa ndani, lilikuwa na kidonda kikubwa.

"Meno ya farasi yanazidi kujitokeza miaka na miaka," daktari alieleza. "Kutafuna kunayasaga. Lakini taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo nyingine hazisagiki. Za juu zinakata shavu, za chini zinakata ulimi. Ukivuta hatamu ya kushoto, unabana kidonda. Wewe ungegeuka?"

Kaka alijikuna kichwa. "Kumbe ni kupiga tupa tu! Mbona tupa ninazo tele?"

"Weka tupa zako, fundi. Ukisaga kupita kiasi utaliharibu jino. Hii ni kazi ya aliyeisomea. Kazi yenu ni kutazama. Akiangusha chakula, akinuka mdomo, akikonda au akirusha kichwa, niiteni. Hata msipoona kitu, akaguliwe kila mwaka."

"Na uzee wake?"

"Huyu si mzee. Ana njaa."

Daktari alisaga kingo zile taratibu. Aliagiza Kaidi ale pumba zilizolowekwa, asivishwe lijamu mpaka kidonda kipone.

Jumamosi lori lilikuja vilevile, likapiga honi. Bibi Kulia alisimama langoni, mikono kiunoni.

"Geuza lori! Hapa hakuna nyama."

Dereva alimtazama kaka. Kaka alitazama viatu vyake.

"Umemsikia," alisema kaka.

Wiki ya nne kidonda kilikuwa kimepona. Mbavu zilianza kufichika. Bibi Kulia alimvisha Kaidi ile lijamu ya zamani, laini. Ile ya ncha kaka alikwisha kuitia motoni na kuifua ikawa ndoano ya kutundikia hatamu. Juu yake, ukutani, aliandika kwa chaki mwezi wa kumwita daktari mwakani.

Kwenye njia panda, fundi viatu mwenye meza kona ya kushoto alipaza sauti kama kawaida yake. "Bibi Kulia! Kulia huko!"

Bibi Kulia alivuta hatamu ya kushoto, polepole. Kaidi akageuka, na gari la matofali likampita fundi viatu karibu kabisa na meza yake.