Sala ya Ndila katika Boma la Nzisa

Ndila aliamka mapema. Aliwasha moto, akaweka chai, akaanza kuomba huku akifagia. Aliwaombea mume wake Muindi, binti yao Kasiva, mchungaji na mvua. Mdomo uliomba. Mawazo yake yalikuwa shambani, kwa wadudu waliokula maua ya ndengu.

"Umemaliza kuomba?" Muindi aliuliza kutoka kitandani.

"Nimemaliza."

"Umeniombea huu mguu?"

Ndila alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka.

"Nimekuombea kila kitu," alisema. Kisha akachukua jembe lake na kutoka.

Huko Kathonzweni watu walimjua Ndila kwa maombi. Aliomba kanisani, katika harusi na katika matanga. Aliomba pia kwenye mwethya. Huo ulikuwa ushirika wa wanawake kumi na wawili. Walisaidiana kuchimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kabla ya jembe la kwanza, lazima mtu aombe.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nzisa.

"Mama Kasiva, leo omba fupi," Kaveke, mmoja wa wanawake hao, alimwambia Ndila. "Hili jua halingojei Amina."

Wanawake walicheka. Hata Nzisa alicheka kidogo.

Ndila alifunga macho. Maneno yalitoka kama kawaida. Alishukuru kwa uhai. Aliombea mbegu. Kisha akapaza sauti: "Mungu, mbariki baba wa boma hili. Umlinde huko aliko kazini. Umrudishe salama kwa mke na watoto."

Hakuna aliyesema Amina.

Ndila alifungua macho. Wote walikuwa wakimtazama. Nyuma ya nyumba, hatua chache tu, lilikuwa kaburi la Nthiwa, mume wa Nzisa. Alizikwa miezi mitatu iliyopita. Aliyeomba kaburini siku ile alikuwa Ndila.

"Mama Nthenya, mimi..." Ndila alimgeukia Nzisa.

"Tuchimbe," Nzisa alisema. "Jua linapanda."

Walichukua majembe, wakachimba. Saa sita Nzisa aliwapakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alimpa Ndila sahani yake bila kumtazama. Ndila alionja kidogo, akaiweka sahani chini. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani.

Jumapili hakwenda kanisani. Aliona watu wakipita na Biblia zao, akajificha jikoni. Lakini Jumatatu maji yaliisha. Akachukua mitungi, akaenda mtoni.

Mto ulikuwa mkavu. Watu walichimba mashimo kwenye mchanga na kungoja maji yajae. Kwenye shimo alikuwapo Kalondu, mama mzee aliyekuwa shemasi kanisani. Ndila alitaka kurudi.

"Njoo ukae," Kalondu alimwita. "Maji bado."

Ndila aliketi. "Mwaitu, mama yangu, umesikia niliyoyafanya?"

"Nimesikia. Mdomo wa Kaveke hauna mlango. Ulipoomba, ulikuwa unafikiria nini?"

Ndila aliinama. "Jembe langu. Mpini ulikuwa umelegea." Machozi yalimtoka. "Mama wa watu amefiwa, mimi ninafikiria mpini!"

"Hata mimi hupotea," Kalondu alisema. "Siku moja niliombea maharusi nikijiuliza kuku wangu ametaga wapi."

"Sasa unafanyaje?"

"Kwanza ninanyamaza. Ninamtazama yule ninayemwombea. Nikiweza, ninamuuliza anataka niombe nini. Halafu ninaomba hilo tu. Na hapa, maji yakijaa polepole, ninamwombea mtu mmoja kwa jina. Mawazo yakitoroka, ninayarudisha, kama mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Huhitaji kumpiga. Unamrudisha tu."

"Leo unamwombea nani?"

"Wewe. Jana nafasi yako ilikuwa wazi."

Ndila alifuta uso kwa leso. "Na Nzisa nimfanyie nini?"

"Nenda kwake. Usipeleke sala. Peleka samahani."

Jioni hiyo Ndila alimkuta Nzisa akipukuchua kunde. Alibaki amesimama.

"Mama Nthenya, nilimsahau Nthiwa. Mdomo wangu uliomba, mimi mwenyewe sikuwa hapo. Nisamehe."

Nzisa alimaliza ganda alilokuwa nalo mkononi. "Ulipotaja baba wa boma," alisema mwishowe, "niliwaza: kama hata Mama Kasiva amesahau, labda Mungu pia amesahau."

Ndila alitamani ardhi impasukie.

"Nimekusamehe," Nzisa alisema. "Lakini usiombe tena hapa kwangu."

"Sawa," Ndila alijibu. Aliketi, akasaidia kupukuchua hadi kunde zikaisha.

Tangu siku hiyo, kila alipongoja maji mtoni, alimwombea Nzisa kwa jina. Mara nyingi mawazo yalikimbilia ndengu. Aliona aibu, akayarudisha. Asubuhi aliacha kufagia wakati wa kuomba. Alikaa karibu na Muindi, akamuuliza mguu unauma wapi.

Wiki sita zilipita. Asubuhi moja Nzisa alibisha hodi.

"Nthenya hataki kurudi shule," alisema. "Nimebembeleza, nimegomba, nimechoka. Niombee."

Zamani Ndila angefunga macho papo hapo. Sasa alimvutia Nzisa kiti.

"Niambie kwanza. Niombe nini hasa?"

Nzisa alieleza. Alirudi nyuma, akaeleza tena. Chai ilipoa, na Ndila hakugusa kikombe. Ikajulikana kwamba msichana alikuwa na hofu moja. Baba yake alikufa yeye akiwa bwenini. Aliogopa kwamba akienda tena, atampoteza mama pia.

Ndila alinyamaza kidogo. Kisha akaomba: "Mungu, Nthenya anaogopa kumwacha mama yake. Mtulize moyo. Mpe Nzisa maneno ya kumwambia."

Nzisa alilia sana. Ndila hakumkatiza. Alimshika mkono tu.

Baadaye Nzisa alisimama, akafunga leso yake vizuri.

"Kesho uje kwangu, umwombee Nthenya mwenyewe," alisema. "Lakini umuulize kwanza, kama ulivyoniuliza mimi."