Funzo la Anko Kumbuka

Kitendawili, nanyi mliokaa kule nyuma sogeeni msikie: kuna mgeni hakualikwa. Anafika sahani zimeshaoshwa. Hali, hanywi, hasalimii. Anasimama mlangoni tu na kuwaeleza wenye nyumba jinsi walivyotakiwa kutafuna. Ni nani huyo?

Mmekosa. Si wifi, wala si mwenye nyumba aliyefuata kodi. Ni lile funzo wanalolibandika mwishoni mwa mchezo kwenye runinga. Umelia, umecheka, moyo umejaa, na kabla hujafuta machozi sauti nzito inakuja kukuagiza ulie kwa sababu gani. Jambo hilo huniudhi, sifichi, na hadithi hii naisimulia nikiwa nimeudhika.

Basi ilikuwa mchana, kwenye kliniki ya meno. Watu wamejaa hadi kwenye ngazi, kila mmoja ameshika shavu lake kama anayeogopa litadondoka. Katikati yao alikuwepo mwanamke mmoja mwenye afya tele, kilemba cha njano, aproni ya turubai iliyojaa mifuko, na bunduki ya pini mkononi. Huyo ni fundi wa makochi. Alikuwa ameleta viti vya kungojea wagonjwa, amevivalisha kitambaa kipya, na sasa anakipigilia cha mwisho pale pale, tap, tap, tap.

Ukutani runinga ilikuwa inarudia mchezo wa jana. Mume anamuaga mke, gari linaondoka, mke anakimbia nyuma akiwa peku. Chumba kizima kimenyamaza. Hata daktari amechungulia mlangoni, koleo mkononi. Mara picha ikasimama, ikaja ile sauti nzito, tamu kama uji wa moto:

"Mtazamaji, kumbuka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula."

"Jamani!" Fundi akapiga kelele. "Mwanamke kaachwa barabarani, yeye ananawa! Huyo mwenye sauti, siku nikimtia mkononi nitamshona mdomo kwa uzi wa makochi. Mshono wa kurudia!"

Watu wakacheka na maumivu yao. Aliyecheka kuliko wote ni kaka mmoja mrefu, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, leso imefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akalia kweli kwa sababu ya jino.

"Pole, kaka. Nawe unauchukia huo mdomo?"

"Mmh," akajibu kaka.

"Keti hapa. Kiti changu hakiumi."

Akaketi. Akaonyesha kwa vidole kwamba nyumbani ana kiti kilichovunjika. Fundi akamwandikia namba ya simu kiganjani, na kaka akaitwa ndani akiwa bado anakiangalia kile kiganja.

Baada ya siku chache simu ya Fundi ikaita.

"Halo. Ni mimi, yule wa jino."

Fundi akaitazama simu. Akairudisha sikioni.

"Hebu sema tena."

"Mtazamaji, kumbuka, ni mimi yule wa jino."

"Wee! Ni wewe?"

"Ni mimi, mpenzi mtazamaji. Naomba kuja kushonwa mdomo."

Fundi alicheka hadi akakaa chini juu ya vipande vya vitambaa. Akaja huyo kaka, na kiti chake. Wiki iliyofuata akaja na kingine. Halafu stuli. Halafu kochi dogo ambalo lilikuwa zima kabisa, ila alilichana mwenyewe kwa wembe.

"Hili limechanwa na nini?" Fundi akauliza.

"Paka."

"Paka ana wembe?"

"Ni paka wa mjini, mama."

"Kaka, nyumbani umebakiwa na nini cha kukalia?"

"Sina kitu. Nakula nimesimama. Ndiyo maana naomba nile hapa."

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoingia karakana ile, kiti kimoja kimoja.

Fundi alikuwa na binti wa miaka tisa. Alikulia humo humo, akirukaruka juu ya magodoro ya makochi tangu hajajua kutembea vizuri, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Sponji. Baba yake alikuwepo, kisha akaondoka, wala hakukuwa na ndoa. Fundi hakulificha hilo. "Yeye aliondoka, sisi tukabaki, na waliobaki ndio wazuri," alikuwa akimwambia mtoto, na mtoto akiwaambia wenzake shuleni kama mtu anayejisifu.

Sponji ndiye aliyempa kaka jina la Anko Kumbuka. Kila akiingia, mtoto humwamuru: "Anko, nisomee hapa!" na kumpa karatasi ya sabuni au ya gundi, naye akaisoma kwa sauti ile kubwa, "Kumbuka, weka mbali na moto," na Sponji akaanguka kwa kicheko.

Siku moja Anko Kumbuka akamwambia Fundi, "Nataka kwenda kwenu, niongee na wazee."

"Wazee hawana neno. Mwenye neno ni yule." Akamwonyesha Sponji kwa bunduki ya pini. "Uje Jumapili, umuulize mwenyewe kama anakutaka humu ndani. Akikubali yeye, mimi nimeshakubali zamani, mjinga wewe."

Anko Kumbuka akaondoka anapiga mluzi.

Sasa katika mchezo ule wa runinga alikuwemo mama mmoja muuza mikate, analea binti yake bila mume. Jinsi Fundi na Sponji walivyompenda! Akitukanwa, wanatukana naye. Akipata mteja, wanapiga makofi. Jioni ya Alhamisi, kabla Jumapili hiyo haijafika, ndipo muuza mikate alipokuwa anafungua duka lake mwenyewe. Majirani wakajaa karakanani, wamekalia makochi ya wateja, Fundi akafumba macho. Duka likafunguliwa. Binti wa kwenye mchezo akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye mama yangu." Sponji akaruka juu ya kochi, mikono hewani. "Kama sisi! Mama, kama sisi!"

Picha ikasimama. Ikaja ile sauti, tamu kama ilivyo.

"Mtazamaji, kumbuka. Mtoto anayezaliwa nje ya ndoa ni mzigo kwa mama yake na kwa jamii. Usiharibu maisha yako kama huyu dada."

Jirani mmoja akaanza kutafuta viatu vyake, vilivyokuwa miguuni. Sponji alikuwa bado amesimama juu ya kochi, mikono inashuka taratibu.

Niambieni, nani aliliomba funzo hilo? Mchezo umeshasema ulichotaka kusema. Mama kashinda, mtoto kashinda, na mtu aliyeketi ofisini, hajawahi hata kununua mkate kwa mama yule, anakuja kufuta yote kwa sentensi mbili! Na wanaita elimu!

Sponji akashuka. Akaichukua simu ya mama yake akapiga, kabla Fundi hajainuka.

"Anko Kumbuka."

"Naam, Sponji wangu! Mmeangalia? Duka limefunguliwa?"

"Anko, ulipokuwa unasema mtoto ni mzigo, ulikuwa unanifikiria mimi?"

Upande wa pili kimya. Mtoto akangoja. Akasikia pumzi, akasikia kiti kinasogezwa, halafu akakata mwenyewe, akamrudishia mama simu kwa mikono miwili.

Asubuhi yake Anko Kumbuka alifika shati halijapigwa pasi. Fundi alikuwa mlangoni.

"Nisikilize, mpenzi."

"Mpenzi mtazamaji?"

"Nisikilize kwanza. Yale mafunzo hatuyarekodi na mchezo. Naitwa mara moja kwa mwezi, napewa karatasi za mwezi mzima, zimepangwa kwa mada, malaria, ndoa, maji safi, nazisoma zote kwa mkupuo mmoja. Wao ndio wanaozibandika, hii hapa, ile pale. Sikujua ni dada gani. Sikujua kama litawekwa kwa muuza mikate. Mimi nasoma tu."

"Unasoma tu."

"Ndiyo."

"Ulisoma lini hilo?"

Anko Kumbuka akatazama viatu vyake. "Jumatatu."

"Jumatatu jioni ulikuwa hapa. Ulikula hapa, mtoto amekulalia begani."

"Fundi..."

"Sikia. Mimi nikiletewa kochi, nikakuta sindano ndani ya sponji, nikaifunika na kitambaa kizuri, nikapiga pini, nikamkabidhi mteja. Akikalia akapiga ukelele, nimwambie nini? Mama, pole, mimi nashona tu? Eti? Nijibu na hiyo sauti yako!"

Basi Fundi akaingia ndani, akatoka na kiti cha kwanza, akakiweka barabarani. Akatoka na cha pili. Stuli. Kochi la paka. Vyote vikapangwa pembeni mwa barabara, vimevaa vitambaa vipya, wapita njia wakadhani kuna mnada. Mzee mmoja akakalia na kuuliza bei.

"Hakiuzwi," Anko Kumbuka akasema.

Majuma yaliyofuata Fundi alimwambia Sponji kila alichojua kukisema. Wewe si mzigo. Wewe ndiye roho ya nyumba hii. Mtoto alimsikiliza kwa heshima zote. "Najua, mama. Lakini sikukuuliza wewe." Aliacha kuruka juu ya magodoro. Alianza kuokota pini sakafuni bila kutumwa, moja moja, kama kibarua. Na Fundi alipomnunulia viatu vya shule, akasema vile vya zamani bado vinamtosha, kumbe vidole vimejikunja ndani kama mzizi wa tangawizi. Alipoviona vidole vile Fundi aliingia chumbani akaung'ata mto.

Na kule studio? Siku ile ile ya viti, Anko Kumbuka alikwenda kwa mkubwa wa vipindi, mtu mwenye suti ya kijivu na ofisi yenye baridi.

"Lile funzo la Alhamisi lifutwe," akasema. "Nitasoma jingine bure."

"Lina kosa gani? Umesoma vizuri sana."

"Linamtukana mama wa mchezo wenyewe."

"Kaka, mchezo ni wa watu kufurahi. Funzo ni la wafadhili. Hawa wanataka mwezi huu ndoa, tumewapa ndoa. Tungeiweka wapi, kwenye mpira?"

"Kuna watoto wanasikiliza."

"Ndiyo maana tunawafundisha!" Akacheka, akamsukumia bunda jipya la karatasi, za mwezi ujao. "Haya, chumba kiko tayari."

Anko Kumbuka akasoma ya juu kimyakimya. Ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alizisoma kabla ya kuzitamka. Akazirudisha mezani akatoka. Unafikiri mchezo ulisimama? Thubutu! Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepata sauti nyingine, nzito vilevile, na watazamaji hawakutambua.

Siku moja Fundi alikuwa sokoni anachagua kitambaa, akasikia kwenye kipaza sauti:

"Mteja, kumbuka. Nyanya za leo ni za leo."

Akalipa, akakitia kitambaa kwapani. Akaifuata sauti mpaka kwenye kibanda cha matangazo. Anko Kumbuka alikuwa ameketi juu ya kreti, shati lile la bluu limepauka begani. Walipoonana aliizima spika, na wauza nyanya wakaanza kulalamika.

"Umeacha kunawisha watu mikono?"

"Niliacha siku ile ile."

"Mbona hukupiga simu kunieleza?"

"Nikueleze ili iweje? Ili nionekane shujaa? Mtoto aliniuliza swali, nikanyamaza. Nimekuwa nikitafuta jibu zuri tangu siku ile."

"Hapo ndipo unapokosea," Fundi akasema. Hasira ilikuwa bado imo, lakini ilikuwa imehama, imewaelekea wale wa ofisi yenye baridi. "Mimi nimepoa, ukitaka kujua. Nimekukumbuka, ukitaka kujua na hilo. Lakini swali si langu, na siwezi kukusamehe kwa niaba ya mtu. Nenda kamjibu. Na usimpelekee jibu zuri. Ukimwambia ulimfikiria ukaumia sana moyoni, atajua ni uongo, na hutakanyaga tena kwangu."

"Na nikimwambia ukweli akinichukia?"

"Atakuchukia wewe. Sasa hivi anajichukia mwenyewe."

Anko Kumbuka akavua kipaza sauti shingoni.

Walimkuta Sponji amechuchumaa nyuma ya kochi lililovuliwa kitambaa, anang'oa pini kuukuu kwa koleo. Mbao tupu, spring zimetokeza. Hakuinuka.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, Sponji." Akaketi kwenye zile mbao, kwa kuwa kwingine kote kulikuwa na kazi za watu. Spring ikamchoma, akaiacha imchome. Fundi alibaki mlangoni na kitambaa chake kwapani, hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

Mtoto akang'oa pini nyingine, akaidondosha kwenye kopo. Akangoja, kama alivyongoja siku ile kwenye simu.

"Hapana," Anko Kumbuka akasema. Haikuwa ile sauti ya runinga, ilikuwa nyembamba na ina mikwaruzo. "Sikukufikiria. Wewe wala mama yako. Nilikuwa na njaa, Sponji. Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana."