Aliyebadilishwa kwa Majembe

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1956, lakini nyumba ya Kalinga pale Kihesa ilinuka udongo uliolowa.

Harufu ilianza siku alipoondoka mgeni wao Eliezeri, msomi wa Makerere aliyekuwa akitafiti biashara ya kale, enzi za kubadilishana chumvi, ng'ombe na majembe. Bibi Matilda, mama yake Kalinga, alimshushia jembe la zamani kutoka darini.

"Hili lilinunua nini, bibi?" Eliezeri aliuliza.

Bibi alilipangusa vumbi lile jembe. "Dada yangu," alisema. "Mwaka wa njaa baba alipewa majembe, msafara wa watumwa ukamchukua dada. Hatujamtaja humu ndani mpaka leo."

Kesho yake mchana, Apolonia, mke wa Kalinga, alisikia mtu akilima chini ya sakafu. Alimwita mumewe. Wakapiga magoti, wakasikiliza.

"Ni panya," Kalinga alinong'ona.

"Panya gani anahema hivyo, baba Philbert?"

Jioni Apolonia alianguka mlangoni, na alipofumbua macho alisema kwa sauti ya mtoto wa kike, kwa Kihehe cha zamani ambacho Kalinga alikielewa nusu tu, akilia kwamba miguu inamuuma, kwamba kamba inamkaba, kwamba alimwita baba naye akaenda zake na majembe begani bila kugeuka, na harufu ile ikazidi mpaka wote wakakohoa, huku shingoni mwake ikijitokeza alama ya kamba ambayo hakuna mkono ulioifunga.

Kalinga alimfuata mganga huko Kilolo. Mganga alifukiza dawa, akaita, akaamuru, akabembeleza. Mwisho akaanza kukusanya vitu vyake.

"Unakwenda wapi, mzee? Mfukuze!"

"Nimfukuze aende wapi?" mganga alijibu kwa sauti ya chini. "Jini anafukuzwa arudi kwao. Huyu kwao ni hapa."

Alipoondoka, Bibi Matilda alijikokota hadi kwenye mkeka, akakipakata kichwa cha Apolonia. Yale macho yakautazama uso wake wenye makunyanzi.

"Mama," ile sauti ndogo ikaita, "mdogo wangu Matilda yuko wapi?"

Bibi aliipapasa ile alama ya kamba shingoni. Na sauti ya Apolonia mwenyewe haikusikika tena katika nyumba ile.